Wadau, unapangaje kozi ya watu wazima wakati kila mmoja anajifunza kivyake?

#1 Mpanga Somo
Wakuu habari za saa hizi. Nimekwama na Jumatatu ijayo naanza awamu nyingine, naombeni mawazo.

Iko hivi. Nafundisha watu wazima kazini, safari hii walikuwa 24, mdogo kabisa ana miaka 22 na mkubwa ana 58, wote wanatakiwa wajue programu mpya ya kurekodi mzigo unaoingia na kutoka ghalani. Siku mbili tu. Nikasema nifanye kitaalamu, nikawagawia lile dodoso la VARK, lile linalouliza ukitaka kwenda mahali usipopajua ungependa uchorewe ramani au uelekezwe kwa mdomo, halafu nikawapanga makundi manne: wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa vitendo. Kila kundi na njia yake. Wa kuona nikawapa michoro yenye mishale, wa kusikia nikawarekodia maelezo wasikilize, wa kusoma nikawaprintia kitini cha kurasa 18, wa vitendo nikawaweka kwenye kompyuta moja kwa moja. Wiki nzima nilikuwa nalala saa nane usiku naandaa vitu vinne kwa ajili ya somo moja.

Siku ya pili mchana nikawapa wote zoezi lilelile: pokea katoni 40, rudisha 3 zilizoharibika, toa 12. Kundi la vitendo walimaliza karibu wote. Wa kusoma nusu. Wa kusikia walikaa wanaitazama skrini mikono iko mapajani. Mmoja wao, mzee wa ghala mzoefu kuliko wote mle ndani, akainuka akatoka na hakurudi.

Nimekosea wapi? Dodoso, makundi, au siku mbili ni chache? Naomba kuwasilisha.

#2 Mtu wa Vielelezo
Pole sana mkuu, kazi umeifanya. Mimi naona dodoso halina kosa, kosa ni kumfungia mtu kwenye boksi moja. VARK yenyewe inamruhusu mtu atie alama zaidi ya jibu moja kwenye swali moja na wengi hutoka na mchanganyiko. Neil Fleming wa New Zealand aliyeianzisha 1987 aliileta kama kichocheo cha mtu kujitafakari anavyosoma, hakuileta iwe orodha ya kupangia madawati. Ila mitindo ya kujifunza ipo jamani, mimi bila kuchorewa kitu siambulii, ukinisomea maelezo nusu saa nitakuitikia tu kwa heshima.

#3 Kofia Ngumu
Nafundisha kuchomelea vyuma, mwaka wa 14 huu, na sijawahi kumuuliza mtu anapenda kujifunza vipi. Kuchomelea unakusikia, ukishika umbali sawa ile sauti inalia mfululizo haikatiki, ukiinua mkono juu kidogo inaanza kupasukapasuka na cheche zinaruka hovyo. Macho yako ndani ya kioo cheusi yanaangalia dimbwi la chuma kilichoyeyuka basi, hayaoni kingine. Mkono unasukuma fimbo inayozidi kuwa fupi kila sekunde. Sasa niambieni huyo mwanafunzi wangu ni wa kusikia, wa kuona au wa vitendo? Kazi ndiyo inayoamua ufundishe vipi, mwanafunzi akija anaikuta kazi na tabia zake.

Kwa hiyo Mpanga Somo, programu ya kompyuta inajifunzwa kwenye kompyuta. Kumsikilizisha mtu maelezo ya vitufe ambavyo hajaviona, hapo hata mimi ningetoka nje.

#4 Msomaji Kimya
Nimekaa hapa, huu uzi utakuwa na madini.

#5 Daftari la Mraba
Kofia Ngumu amesema kwa lugha ya karakana jambo ambalo watafiti wamelihangaikia miaka mingi, ngoja niongeze karatasi.

2004 pale Uingereza kundi la Frank Coffield lilipitia maandiko ya mitindo ya kujifunza wakakuta modeli 71. Sabini na moja! Wakachagua 13 kubwa wakazichambua moja moja na nyingi hazikuwa na miguu ya kusimamia. Halafu 2008 Harold Pashler na wenzake watatu Marekani wakauliza swali moja safi: kama mitindo ina maana darasani, basi lazima tuone wa kusikia wanafaulu zaidi wakisikilizishwa KULIKO wakionyeshwa, na wa kuona kinyume chake. Yaani ukichora matokeo ya makundi hayo kwenye grafu, mistari miwili ikatane. Wakatafuta tafiti zilizopangwa hivyo wakakuta chache mno, na katika zile zilizopimwa vizuri kadhaa zilionyesha kinyume na dai.

Wakaja Beth Rogowsky na wenzake 2015, hawa walipima watu wazima hasa. Wengine walisikiliza kitabu kwa sauti, wengine walikisoma. Wanaojiita wa kusikia hawakuelewa zaidi kwa kusikiliza, wala wa kusoma kwa kusoma, hata walipopimwa tena baadaye.

Angalieni msinielewe vibaya. Mtu KUPENDA njia fulani ni kweli kabisa na kunapimika. Kinachokosa ushahidi ni kwamba ukimfundisha kwa njia anayoipenda atashika zaidi.

#6 Mtu wa Vielelezo
Daftari umekuja na kabati zima la mafaili 😄 haya nimekusoma. Lakini nijibu hili moja, mimi nikichorewa naelewa na nikisomewa sielewi, hiyo ni ya kwangu ya kila siku, utafiti unaniambia najidanganya?

#7 Daftari la Mraba
Hujidanganyi mkuu. Mchoro mzuri unamsaidia karibu kila mtu, na hata anayejiita wa kusikia naye angeelewa kuliko kusomewa nusu saa. Ndiyo maana nasema mchoro ni wa darasa lote, usiwe wa kundi moja.

#8 Siti ya Nyuma
Mimi si mwalimu, mimi ni mwanafunzi, nina miaka 51 na nimepitishwa kwenye semina nyingi tu kazini. Nimesoma posti ya 1 nikasimama pale kwenye kundi la kusikia.

Miaka mitatu iliyopita nililetewa fomu kama hiyo. Nilitia alama kusikia, kusikia, kusikia, mwanzo mpaka mwisho. Nawaambia sababu ya kweli ambayo mwezeshaji wangu hakuwahi kuijua. Miwani yangu ya kusomea ilikuwa imevunjika mkono na nilikuwa naona aibu kuivaa imefungwa kwa uzi mbele ya vijana. Kwenye skrini maandishi yalikuwa kama sisimizi wametembea na wino. Nikajua nikisema mimi ni wa kusoma nitapewa makaratasi niyasome mbele za watu, nikisema wa vitendo nitaitwa mbele nibonyeze vitu nisivyoviona. Kusikia ndipo mahali pa kujificha. Unakaa, unatikisa kichwa, siku inaisha, unapewa cheti.

Naandika haya kwa sababu mnazungumzia akili za watu na mitindo yao wakati mwenzenu alikuwa anatafuta pa kuficha miwani.

#9 Mpanga Somo
Siti ya Nyuma asante sana sana, hii imenishika. Nimekwenda kufungua kile kitini changu sasa hivi, herufi ni saizi 9, nilibana ili zitoshe kurasa 18. Na projekta yetu taa yake imechoka. Katika wale sita wa kundi la kusikia watano wamevuka miaka 45. Nilidhani ni mtindo wa rika lao.

Nitamtafuta yule mzee nimuulize mwenyewe.

#10 Nesi wa Zamu
Hilo la macho nalikazia. Kuanzia kama miaka 40 lenzi ya jicho inazidi kuwa ngumu, kuona vitu vya karibu kunakuwa shida, na inampata karibu kila mtu akijaliwa umri. Halafu masikio nayo, zile sauti nyembamba zinaanza kupotea, mtu anasikia kwamba unaongea lakini maneno hayatengani hasa feni ikiwa inavuma. Kabla ya kumpima mtu mtindo mpime kama anaona ubao.

Mimi nafundisha wagonjwa watu wazima kutumia pampu ya pumu. Zamani nilikuwa naeleza vizuriii, naonyesha na picha, namuuliza umeelewa? Anasema nimeelewa nesi. Kila mtu huwa ameelewa. Siku moja nikasema hebu nionyeshe, mama akabonyeza kwanza, dawa ikaishia mdomoni, ndipo akavuta pumzi. Alikuwa anafanya hivyo miezi minne. Tangu siku hiyo naanza kwa kumwambia mtu nionyeshe unavyofanya nyumbani, ndipo namfundisha kile tu kinachokosewa: toa pumzi kwanza, bonyeza huku unavuta taratibu, zuia pumzi sekunde 10. Halafu anionyeshe tena. Tena nasema hivi, "nataka nione kama mimi nimeeleza vizuri", mzigo nauchukua mimi, yeye haonekani mjinga.

#11 Bw. Moduli
Nesi umeupiga mwingi. Mimi natengeneza kozi za mtandaoni na siku zote nazingatia ile piramidi, kwamba mtu hukumbuka 10% ya anachosoma, 20% ya anachosikia, 30% ya anachoona mpaka 90% ya anachofanya. Kwa hiyo kundi la vitendo la Mpanga Somo lilikuwa lazima lishinde, hesabu ipo wazi. Pia Malcolm Knowles aliyebuni neno andragojia, yaani ufundishaji wa watu wazima, alishasema mtu mzima anajifunza kitu akiona kinamsaidia kutatua tatizo lake la leo, hajifunzi kwa ajili ya miaka kumi ijayo kama mtoto wa shule.

#12 Daftari la Mraba
Bw. Moduli kaka yangu, mawili hapo niyanyooshe.

Hizo asilimia hazina mwenyewe. Edgar Dale wa Marekani alichora koni yake, ile watu walioigeuza hiyo piramidi, 1946, ilikuwa na ngazi za uzoefu, juu alama na maneno, chini kabisa kufanya kitu chenyewe, na HAKUWEKA namba hata moja. Watu walizipachika baadaye. Hebu zitazame tu zilivyokaa, 10, 20, 30, ni utafiti gani unatoa namba zimepangana kwa kumikumi namna hiyo.

La pili, neno andragojia halikubuniwa na Knowles. Mwalimu wa Kijerumani Alexander Kapp alilitumia 1833. Knowles ndiye aliyelipa umaarufu Marekani, na kitabu chake cha 1970 kiliweka andragojia DHIDI YA pedagojia (ufundishaji wa watoto), lakini kwenye toleo la 1980 akalegeza mwenyewe, kwamba ni mstari mmoja wenye ncha mbili, kuna mtoto anayejiongoza na kuna mtu mzima anayetaka ashikwe mkono. Hilo la pili tunalisahau, kuna watu wazima ukiwaambia "amueni mnataka kujifunza nini" wanakuona umekuja bila maandalizi.

#13 Bw. Moduli
Duh. Piramidi nimeiweka kwenye kozi tatu. Naenda kuitoa usiku huu, asante kwa kunisahihisha.

Lakini mfano wa vitendo bado nausimamia hata bila namba.

#14 Bibi Sindano
Wanangu mimi naomba nitofautiane na wote kidogo. Mnaongelea macho, masikio, mikono, hamjaongelea kile ambacho mtu tayari anakijua, na hapo ndipo mimi hupata shida kuliko popote.

Nafundisha ushonaji. Mwaka mmoja nilipata vyerehani vya umeme, darasani nina wasichana hawajawahi kushika sindano na mafundi walioshona cherehani cha kukanyaga miaka 20. Nikajua mafundi watawaacha wenzao mbali. Weee. Mguu uliozoea kukanyaga unakwenda mbele nyuma, mbele nyuma, wote mzima, sasa uweke juu ya pedali ya umeme, anakandamiza mguu wote, sindano inakimbia kama imekurupushwa, kitambaa kinakusanyika, fundi anaruka nyuma. Wale wasichana wanagusa kwa ncha ya kidole cha mguu kwa sababu wanaogopa, mshono umenyooka. Asubuhi nzima fundi wangu mkubwa anashindwa na mtoto wa juzi, na mtoto anacheka.

Nilichofanya nikawatenga mafundi saa moja tu, nikawaambia vueni viatu, wekeni kisigino chini kabisa kisinyanyuke, gusa kwa kidole gumba peke yake, bila uzi na bila kitambaa, msikilize tu mota inavyoanza. Saa moja. Baada ya hapo hawakushikika. Na maelezo yale ya jinsi ya kukata na kupanga vipande sikuwapa, ningewachosha bure.

Kwa hiyo mimi nikigawa makundi nagawa kwa anayejua na asiyejua, na yule anayejua kwa namna ya zamani ana kundi lake la tatu.

#15 Daftari la Mraba
Bibi Sindano shikamoo. Hilo la kutowapa mafundi maelezo wanayoyajua limepimwa. Watafiti Slava Kalyuga, John Sweller na wenzao 2003 waliandika kwamba maelezo yanayomsaidia anayeanza yanaweza kumwangusha anayejua tayari, kwa sababu anatumia akili kulinganisha unachosema na anachokijua. Mgeni mpe mfano uliofanywa hatua kwa hatua, mzoefu mpe tatizo alitatue. Ukiwachanganya kwenye slaidi zilezile mmoja anazama na mwingine anasinzia.

#16 Bibi Sindano
Marahaba mwanangu. Mimi sikujua kama kuna watu wamekaa wakalipima, nimefurahi.

#17 Kofia Ngumu
Kuhusu slaidi kwani lazima? Mbona kila semina mtu anasimama anatusomea kile kilichoandikwa ukutani, neno kwa neno, na sisi tunajua kusoma.

#18 Bw. Moduli
Hapo Kofia naungana na wewe, na hili nina uhakika nalo 😄 Mtafiti Richard Mayer ameonyesha ukiweka picha na sauti watu wanaelewa, ukiongeza na maandishi yaleyale yanayosomwa mara nyingi wanaelewa kidogo zaidi ya hapo chini, macho yanagombania picha na maandishi. Ila pana watu wa kuwafikiria: anayejifunza kwa lugha isiyo yake, au asiyesikia vizuri kama alivyosema Nesi, huyo maandishi yanamwokoa. Kwenye kozi zangu naweka kitufe cha kuwasha na kuzima maandishi, kila mtu ajiamulie. Na kasi ya video pia ajiamulie.

#19 Siti ya Nyuma
Bw. Moduli umeandika "wanaelewa kidogo zaidi ya hapo chini", hapo ulimaanisha wanaelewa pungufu eti?

#20 Bw. Moduli
Ndiyo, pungufu. Usingizi huo, samahani.

#21 Sauti ya Redio
Mimi nafundisha watu wazima kusoma na kuandika kwa mara ya kwanza, kwa hiyo dodoso lenyewe kwangu halipiti mlangoni, nani atalisoma.

Nataka niseme jambo ambalo naona linapotea. Mwalimu Paulo Freire na wenzake kule Angicos, Brazil, 1963, walichukua wafanyakazi kama 300 wakawafundisha kusoma kwa saa 40 hivi. Hawakuanza na a e i o u. Walikwenda kwanza kuwasikiliza watu wanaongea nini, wakachagua maneno machache yaliyobeba maisha yao, kama tofali kwa mtu anayejenga. Mnaanza kuzungumza tofali ni nini, nani anajenga, nani analala ndani ya nyumba aliyoijenga. Ndipo neno linakatwa silabi.

Nimejaribu kwa namna yangu. Nilikuwa na mama mmoja miezi miwili herufi haziingii, nimebadilisha kila kitu, kadi za rangi, nyimbo, kuchora mchangani, mitindo yote mliyoitaja. Siku moja akaniuliza, mwalimu hili jina hapa kwenye simu ni la nani, huwa linapiga usiku. Lilikuwa jina la mwanae aliyeko mbali, alikuwa analijua kwa umbo lake tu kwenye kioo. Tukaanza na jina hilo. Wiki ile ile alishika herufi sita, na nakumbuka alivyokuwa anazifuata kwa ukucha juu ya kioo polepole kama anayepapasa uso wa mtu. Macho yake yalikuwa yaleyale na mtindo wake uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa anazihitaji zile herufi.

Mimi naamini kitu kinachomfaa mtu kinajitafutia njia ya kuingia.

#22 Mtu wa Vielelezo
Sauti ya Redio umeniliza kidogo. Ila nikubishie kwa upendo, programu ya ghala nani anaitaka? Wale watu wameamriwa waje. Motisha ya mwanao aliyeko mbali huwezi kuipata kwenye katoni 40.

#23 Nesi wa Zamu
Unaweza. Muulize mtu wa ghala ni kitu gani kinamfanya achelewe kutoka kazini, atakwambia kuhesabu upya mzigo ambao hesabu zake hazilingani. Anza kozi hapo.

#24 Daftari la Mraba
Nyote mmeongelea jinsi ya kuingiza kitu, naomba niseme kuhusu kubaki. Mtafiti wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus tangu 1885 alionyesha tunavyosahau, kwa kasi sana mwanzoni halafu taratibu. Na 2006 watafiti Roediger na Karpicke walichukua wanafunzi, wengine wakasoma makala mara nne, wengine wakasoma mara moja halafu wakajipima mara tatu kwa kukumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki wao wakabaki na 40% na waliojipima wakabaki na 61%.

Mpanga Somo, zoezi lako la katoni ulilitoa mara moja tu tena mwishoni. Ndilo lilikuwa somo lenyewe. Wape asubuhi ya kwanza wakosee, mchana tena, kesho yake tena.

#25 Siti ya Nyuma
Kwa mtu wa umri wangu "wape wakosee" inategemea wanakosea mbele ya nani.

#26 Daftari la Mraba
Umeniweka sawa. Waliopimwa kwenye utafiti ule walikuwa vijana wa chuo, hakuna aliyekuwa na bosi wake amekaa pembeni anatazama.

#27 Mpanga Somo
Wakuu nimerudi. Jana nilimpata yule mzee, tulikaa kama saa nzima nje ya ghala.

Nilianza na miwani, akacheka, akasema anaona vizuri tu. Nikamuuliza kama maelezo ya kusikiliza yalimchosha, akasema hayakuwa mabaya. Basi nini? Akanyamaza, halafu akasema, "Vijana niliowapokea mimi kazini wamekalishwa kwenye mashine, mimi nimepewa vipokea sauti nikae pembeni kama mgonjwa." Maneno yake hayo.

Halafu akaingia ndani akatoka na daftari. Kaunta buku nene, jalada limebandikwa utepe, ana mistari ya rangi tatu: bluu kilichoingia, nyeusi kilichotoka, nyekundu kilichorudishwa, na pembeni kila mwisho wa ukurasa ameandika salio na kutia sahihi. Miaka 20 na zaidi amefanya hivyo. Nikaangalia nikaona ni programu yetu yote ilivyo, safu kwa safu, isipokuwa yeye ana safu moja ya ziada ya nani aliyeshusha mzigo, ambayo programu haina. Siku mbili nimefundisha watu jinsi ya kurekodi mzigo na sikumuuliza hata mara moja anaurekodije.

Kwa hiyo awamu ya Jumatatu nimefikiria hivi. Dodoso naliacha. Herufi saizi 14 na kurasa 4, michoro kwa wote. Nusu saa ya kwanza kila mtu anaeleza anavyofanya sasa. Halafu wawili wawili kwenye kompyuta, zoezi la katoni mara nne kwa siku mbili likizidi ugumu kila mara. Na nimemwomba mzee aje na daftari lake, niliweke kwenye projekta nilifananishe na skrini, safu kwa safu.

#28 Bibi Sindano
Hapo sawa kabisa mwanangu. Yule ni fundi wangu wa cherehani cha kukanyaga.

#29 Mtu wa Vielelezo
Na mimi naona mchoro ndio umeshinda, daftari la rangi tatu kwenye projekta! Mzee ni mtu wa kuona, dodoso lilimkosea tu 😄

#30 Sauti ya Redio
Mtu wa Vielelezo hubanduki. Mimi naona ni heshima, alitaka atambuliwe.

#31 Kofia Ngumu
Heshima ipo, lakini kumbukeni kundi lake wote sita walishindwa, siyo yeye peke yake. Watano hawakutoka nje na hawakulalamika na bado hawakuweza. Wale kilichowaangusha ni kutogusa mashine. Swali langu lingine, wawili wawili unawapangaje? Ukimweka mzee na kijana, kijana atashika kipanya mpaka jioni.

#32 Nesi wa Zamu
Weka sheria, anayejua zaidi haruhusiwi kugusa, anasema tu kwa mdomo. Kwangu inafanya kazi.

#33 Bw. Moduli
Mimi ningewapanga kwa uzoefu unaolingana, Daftari amesema maelezo ya mgeni yanamchosha mzoefu.

#34 Nesi wa Zamu
Ukifanya hivyo wageni wawili watakaa wanatazamana.

#35 Siti ya Nyuma
Mpanga Somo kabla hujafika huko kwenye kupanga. Hilo daftari kuliweka ukutani mbele ya watu 24, ulimuuliza kama anakubali? Au ulimwambia tu alilete?

#36 Mpanga Somo
Nilimwambia alilete. Nampigia sasa hivi.